Je, sonona iko kwenye damu ya ukoo? Mazungumzo na wakazi wa Suneka

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu afya ya akili yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Suneka na wadi za Bonchari. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kufika barazani.



Swali la leo ni lile ambalo watu wa hapa huuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi huulizwa wakati wa kupanga ndoa. Zamani esigani, yule mshenga aliyetembea kati ya nyumba mbili za Kigusii, hakutumwa kuzungumzia ng'ombe peke yake. Alitumwa kuulizia. Je, watu wa nyumba ile ni wachapakazi? Wanaelewana na majirani? Wamewahi kushukiwa uchawi? Kuna mtu wao aliyewahi kurukwa na akili? Siku hizi vijana hukutana chuoni, kazini au kwenye simu, na jina la esigani halitajwi sana, lakini maswali yake hayajaenda popote. Shangazi bado huulizia. Wakati mwingine huulizia kanisani, wakati mwingine sokoni akijifanya ananunua ndizi.

Chukueni mfano wa msichana ambaye mama yake aliwahi kukaa miezi kadhaa bila kutoka nyumbani. Halali, hali chakula, hataki kuona mtu, shamba limeota nyasi. Tena mjomba wa msichana huyo alijitoa uhai. Kijana anampenda, lakini wazazi wa kijana wakishasikia habari hizo wanasema, "Hiyo iko kwenye damu. Wajukuu watazaliwa nayo." Mipango inasimama. Watu wengi wataona hasara ya ndoa peke yake. Ipo hasara nyingine isiyoonekana, nayo ni kubwa zaidi: msichana mwenyewe anaamini. Siku atakapokosa usingizi wiki mbili mfululizo atasema zamu yake imefika. Hatakwenda kituo cha afya, maana kwa mawazo yake hakuna dawa inayobadilisha damu.

Wazazi wale wana haki kusema hivyo? Wanasayansi wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, wamekosea hadharani, wakajisahihisha hadharani, na kile walichokipata kinafaa kujulikana hapa Suneka kama kinavyojulikana London.

Kwanza jina la ugonjwa. Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu akifiwa ana haki ya kulia, na mtu akiuziwa shamba lenye kesi ana haki ya kukasirika. Sonona ni pale hali ya kukata tamaa au ya kutofurahia chochote inapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na mambo mengine: usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, nguvu kuisha, akili kushindwa kutulia kwenye kazi, mtu kujilaumu kwa makosa yasiyo yake, na wengine kuwaza kufa. Wengi hawaji hospitalini wakisema wana huzuni. Wanakuja wakisema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unadunda, wamepimwa malaria mara tatu na haionekani. Wanaume wengi hawaji kabisa. Wao huonekana kwenye pombe, na watu husema ni ulevi tu.

Sasa kuhusu damu. Ni kweli kwamba sonona huelekea kuonekana zaidi katika baadhi ya familia. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja amewahi kuugua sonona kali ana uwezekano wa kuugua mara mbili hadi tatu kuliko mtu asiye na ndugu kama huyo. Hilo lisifichwe. Lakini familia hairithishani jeni peke yake. Hurithishana pia shamba dogo lililogawanywa mara nne, madeni, ugomvi wa mipaka, na malezi ya baba anayerudi usiku akiwa amelewa. Ili kutenganisha mambo hayo, watafiti waliwachunguza mapacha. Pacha wanaofanana kabisa wana jeni zilezile. Pacha wasiofanana wanashiriki takriban nusu, kama ndugu wengine. Tafiti hizo zilipowekwa pamoja mwaka 2000, ilikadiriwa kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona.

Asilimia hiyo imewapotosha wengi, kwa hiyo ifafanuliwe. Haimaanishi kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 37 kati ya 100 za kuugua. Haimaanishi kwamba sehemu 37 za ugonjwa wa mtu zimetoka kwa mama yake. Mkulima anaweza kuielewa haraka kuliko wengine. Shamba moja la mahindi likitiwa mbolea sawa na kupata mvua sawa, mmea mmoja ukiwa mrefu na mwingine mfupi, sababu kubwa itakuwa mbegu. Mbegu ileile ikipandwa nusu kwenye rutuba na nusu kwenye mawe, tofauti kubwa itatoka kwenye udongo. Asilimia ile inahusu tofauti zilizoko shambani kote. Haisemi lolote la uhakika juu ya mmea mmoja uliosimama pale kwenye kona.

Basi kama kuna mbegu, ni ipi? Hapo ndipo hadithi ndefu inapoanza.

Seli za ubongo hazigusani kabisa. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo huitwa serotonini, na inahusika na usingizi, hamu ya chakula, hali ya moyo na mengine mengi. Fikirieni lori linaloshusha ndizi sokoni siku ya soko. Ndizi zikiwa chini, wanunuzi wanazifikia. Jioni lori lingine linapita, linapakia zilizobaki na kuzirudisha ghalani ziuzwe kesho. Ubongo nao una malori ya kurudisha. Ni protini iliyoko kwenye ukuta wa seli, kazi yake kuichukua serotonini kutoka kwenye mwanya na kuirudisha ndani. Wataalamu huiita kisafirishaji cha serotonini. Dawa kama fluoksetini, ambayo madaktari huiandika kwa wagonjwa wengi wa sonona, hufanya kazi hapo hapo: huzuia malori ya kurudisha, serotonini ikakaa sokoni muda mrefu zaidi.

Kila protini ya mwili ina maelekezo yake kwenye jeni. Maelekezo ya kisafirishaji hiki yako kwenye kromosomu ya 17, katika jeni inayoitwa SLC6A4. Mwaka 1996 watafiti walieleza kwamba sehemu inayoiwasha jeni hiyo huja kwa namna mbili. Kuna ndefu, na kuna fupi ambayo imepungukiwa na herufi 44 za maandishi ya jeni. Iliyo fupi hutengeneza visafirishaji vichache. Watafiti hao waliripoti pia kwamba wenye ile fupi walielekea kuwa na wasiwasi zaidi kuliko wenzao, ingawa tofauti ilikuwa ndogo.

Msikilizaji makini ataona kitendawili hapo. Kama dawa inasaidia kwa kuzuia malori ya kurudisha, inakuwaje mtu aliyezaliwa na malori machache ndiye anayesemwa yuko hatarini? Wataalamu walitoa maelezo mbalimbali, kwa mfano kwamba upungufu tangu tumboni hubadilisha jinsi ubongo unavyokua. Lakini swali hilo lilipaswa kuwapa watu tahadhari mapema kuliko lilivyowapa.

Tahadhari haikuchukuliwa, kwa sababu mwaka 2003 ulitoka utafiti uliovutia dunia nzima. Huko Dunedin, New Zealand, kundi la watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 lilikuwa likifuatiliwa tangu utotoni. Walipofika miaka 26, watafiti walichunguza jeni za watu 847 kati yao na kuwauliza misukosuko waliyoipata: kupoteza kazi, madeni, ugonjwa, kuvunjika kwa uhusiano. Miongoni mwa waliopata misukosuko mingi, wenye nakala mbili fupi waliougua sonona walikuwa asilimia 43, na wenye nakala mbili ndefu asilimia 17. Ilionekana kama jibu limepatikana: jeni peke yake haimwangushi mtu, shida peke yake haimwangushi, zikikutana ndipo anaanguka. Lilikuwa jibu zuri sana kusikiliza. Magazeti yaliandika, vyuo vilifundisha, na tafiti nyingi zikafuata kutoka kila upande.

Tatizo ni kwamba tafiti hizo hazikukubaliana. Baadhi ziliona kitu, baadhi hazikuona, na baadhi ziliona kinyume. Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa Marekani lilikusanya tafiti 14 zenye watu 14,250 na kuzihesabu upya pamoja. Walichokipata ni hiki: kadiri mtu alivyopata misukosuko mingi ndivyo sonona ilivyoongezeka, jambo lililoonekana wazi. Ile jeni fupi haikuongeza chochote, iwe peke yake au ikichanganywa na shida. Mwaka 2019 wengine walizipima jeni 18 zilizokuwa zikitajwa zaidi, hii ikiwa mojawapo, kwenye takwimu za mamia ya maelfu ya watu. Jeni hizo hazikuhusiana na sonona kuliko jeni zilizookotwa kwa bahati nasibu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hata asiye na maabara anaweza kuupima. Ile namna fupi ni ya kawaida sana katika nchi za Asia Mashariki kama Japani na China. Ulaya inapatikana kwa kiasi cha kati, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni chache zaidi. Kama ingekuwa ndiyo chanzo, basi Wajapani wangeelemewa na sonona kuliko watu wote na Waafrika wangekuwa salama. Takwimu za ugonjwa hazionyeshi hivyo, na yeyote aliyekaa na watu wa Suneka anajua kwamba hapa si pahali palipoepushwa na sonona.

Isisemwe kwamba watafiti wa mwanzo walikuwa waongo. Walipima watu mia chache kwa kitu kinachohitaji watu laki kadhaa, na bahati inaweza kumcheza mtu mwaminifu. Ni kama kuonja kijiko kimoja cha uji wa sufuria ya matanga na kusema umeujua wote. Sufuria hii ni kubwa mno.

Na sufuria kubwa ilipoonjwa vizuri, iligunduliwa nini? Januari 2025 jarida la Cell lilichapisha uchunguzi wa takwimu za zaidi ya watu milioni 5 kutoka nchi 29. Zilipatikana tofauti karibu 700 katika jeni za binadamu zinazohusiana na sonona. Si jeni moja ya ukoo fulani. Ni karibu 700, na bado hesabu haijaisha, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana, kama tone kwenye pipa. Zimetawanyika kwa watu wote. Hakuna mtu katika Bonchari, wala katika kaunti nzima, asiyebeba baadhi yake. Wale wazazi wa kijana wanaokataa posa wanazo. Shangazi anayeulizia sokoni anazo pia.

Hapo pana jambo la kuudhi kidogo ambalo linapaswa kusemwa. Katika uchunguzi huo mkubwa, kama robo moja tu ya waliochunguzwa hawakuwa wa asili ya Ulaya, na hiyo yenyewe ni hatua kubwa ikilinganishwa na zamani. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, ila damu na mate yao ndiyo yaliyopimwa kidogo zaidi. Kenya imeanza kuingia. Kuanzia mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi vimeshiriki katika utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis, pamoja na Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Utafiti huo ulihusu skizofrenia na ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, haukuhusu sonona ya kawaida, lakini njia ni ileile: watu hutoa mate kwa hiari baada ya kuelezwa na kukubali. Mkazi akiombwa siku moja kushiriki utafiti wa namna hiyo, ana haki ya kuuliza mate yake yatapelekwa wapi, ana haki ya kukataa, na kukataa hakumpunguzii matibabu.

Hapohapo pana onyo la mfukoni. Kuna watu wanaouza vipimo vya jeni kwa njia ya mtandao, wakiahidi kumwambia mtu kama yeye au mchumba wake atapata sonona. Hata wataalamu wenye takwimu za mamilioni ya watu hawawezi kumtabiria mtu mmoja hivyo. Pesa hizo zilipe karo.

Kama mbegu ni ya wote na inachangia kidogo kidogo, swali linarudi kwenye udongo. Ushahidi mzuri uko karibu, ng'ambo ya ziwa. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, watafiti walifika wakati ukimwi ulikuwa umeacha makaburi kila boma. Hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanakijiji wenyewe shida zao, na wanakijiji wakataja hali waliyoiita yo'kwekyawa, yaani kujichukia, ambayo ilikaribiana sana na sonona. Vijiji 30 vikagawanywa kwa kura. Katika nusu moja, watu wenye hali hiyo walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na mwenyeji aliyefunzwa kwa muda mfupi, mtu wa kawaida ambaye hakuwa daktari. Walizungumzia mambo kama kufiwa, ugomvi na watu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Hawakupewa dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, mwaka uleule wa habari ya Dunedin. Katika vijiji vya vikundi, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji vingine pia walipungua, maana watu wengine hupona wenyewe, ila walishuka kutoka asilimia 94 hadi karibu asilimia 55. Jeni za watu wale hazikuguswa hata moja. Inashangaza kwamba ni habari ya Dunedin iliyopata vichwa vya magazeti, na ya Rakai na Masaka ikabaki kwa wataalamu.

Vikundi Suneka vipo tayari. Vipo vya akina mama vya kuweka akiba, vya kanisa, vya boda boda, vya mazishi. Si kila kikundi kinaweza kutibu, na mkutano wa chama si tiba kwa sababu tu watu wameketi pamoja. Wale wa Uganda walifuata utaratibu na kiongozi wao alifunzwa. Lakini watu wanaoweza kufunzwa wako hapa hapa.

Na dawa? Mwaka 2022 wachunguzi wa Uingereza walipitia tafiti nyingi na kusema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Watu wengi walisikia nusu ya habari na kudhani wameambiwa dawa ni uongo. Hizo ni habari mbili tofauti. Aspirini huondoa maumivu ya kichwa, na bado kichwa hakikuuma kwa upungufu wa aspirini. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha majumuisho ya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 zilizolinganishwa, fluoksetini na amitriptilini zikiwamo, zilisaidia kuliko vidonge vitupu. Hazikuwasaidia wote, na wala hazikusaidia kwa kiasi sawa. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo huanza kwanza. Kwa ile ya kati na kali, dawa huokoa watu.

Mambo machache ya dawa huleta matatizo sana, na yote yanaepukika. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya pili kama za maumivu. Mtu huanza kuona nafuu baada ya wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo anaweza kuona kichefuchefu au usingizi ukisumbuka zaidi. Wengi huacha hapo hapo na kusema hazifai. Wengine huacha ghafla wakishapata nafuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha kupunguza polepole kwa kufuata maelekezo ya mhudumu. Wala mtu asimpe jirani dawa zake kwa huruma.

Hapa ndipo habari ya ukoo inapopata kazi yake ya kweli. Mhudumu wa afya akiuliza, "Kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua akili?", anatafuta njia ya kutibu. Hatafuti aibu ya mtu. Mgonjwa akisema kwamba dada yake alipona kwa dawa fulani, hiyo ni dokezo la pa kuanzia. Akisema kwamba baba yake huwa na vipindi vya kutolala siku tatu, kusema mfululizo, kuuza ng'ombe bila sababu na kujiona mkubwa kuliko wote, hiyo ni habari muhimu sana, kwa sababu huenda ugonjwa wa familia hiyo ni ule wa hisia za kupanda na kushuka, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumpandisha mgonjwa vibaya. Akisema kuna aliyejitoa uhai, mhudumu atamfuatilia kwa karibu zaidi. Siri inayofichwa kwa esigani ni uamuzi wa familia. Siri inayofichwa kwa mhudumu inaweza kumdhuru mgonjwa, na mhudumu hana ruhusa ya kuitoa nje.

Wanaotaka kuanza waanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au wazungumze na mhamasishaji wa afya anayetembelea boma lao. Yapo maswali 9 mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita ambayo mhudumu huuliza, na hayachukui dakika kumi. Hali ikizidi, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, kilomita chache kutoka hapa kwa barabara ya Migori. Anayekwenda abebe majina ya dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba, na kama anaweza, aandamane na mtu anayemwamini. Maombi na matibabu havigombani. Mchungaji anayemwombea mgonjwa na kumwambia aendelee na vidonge amefanya kazi mbili kwa mara moja.

Jambo la mwisho ni la sheria, kwa kuwa linawatisha wengi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, na kwa sababu hiyo familia zilificha, zikasema ni ajali au ni sumu iliyonywewa kwa bahati mbaya. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu akinywa dawa ya mifugo, akimbizwe hospitalini mara moja na daktari aambiwe ukweli kuhusu alichokunywa, kwa maana tiba inategemea hilo. Chombo cha dawa kibebwe pia. Mtu anayewaza kufa asiachwe peke yake, na kamba, dawa za shamba na panga ziondolewe karibu naye. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Simu ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

Na wale wazazi wa kijana? Wanaweza kuendelea kuulizia, kwani ndoa ni jambo zito na kuulizia si dhambi. Wakiambiwa mama wa msichana aliugua sonona, waulize swali linalofuata: alitibiwa wapi, na sasa yukoje? Mama aliyeugua, akatibiwa na akarudi shambani kwake ameifundisha familia yake namna ya kuutambua ugonjwa huo mapema na mahali pa kwenda. Nyumba inayosema haijawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja, pengine haijawahi kuulizwa vizuri.

Maswali yanakaribishwa. Asiyetaka kuuliza mbele ya watu anaweza kumwona mhamasishaji wa afya wa kijiji chake faraghani.